Namba za Kikorea kwenye Karatasi ya Hamadi

Nyinyi vijana wa duka mmenitaka niandike ninayoyajua kabla sijaanza kuyasahau, nami nimekubali kwa sharti moja: msinisahihishe. Miaka thelathini na kitu nimesahihisha kazi za watu, sasa ni zamu yangu kuandika nitakavyo. Mishahara sitaitaja, maana mnaijua ilivyo. Vyeo navyo sivitaji, kwani katika duka la watu watatu aliyepandishwa cheo amepanda kwenda wapi? Nitasema ya kazi tu.

Nilianza kazi kwa Bwana Jayanti, pale pale Chake Chake mlipo sasa, wakati duka lake la uchapaji lilipokuwa na taipureta mbili na feni moja. Siku ya kwanza nilivaa buibui jipya nikijua nitapiga barua za watu wakubwa. Bwana Jayanti akanipa mswaki wa zamani na chupa ya spiriti, akaniambia nisafishe vyuma vya herufi, kimoja kimoja. Nilisafisha mpaka adhuhuri, nimenuna. Alipokuja kukagua aliniambia, "Bi Raya, leo umeishika kila herufi kwa mkono. Kesho hutaitafuta kwa macho." Nilimwona mchoyo wa kulipa mtu wa kufagia. Baada ya wiki vidole vyangu vilikuwa vinajua njia, na sikumwambia kwamba alisema kweli, maana na yeye alikuwa hajaniuliza.

Kompyuta zilipokuja, jambo la kwanza alilonifundisha ni kwamba herufi si chuma tena. Ndani ya mashine hakuna herufi hata moja, kuna namba. Ukibonyeza A, mashine inaandika namba, kisha inakwenda kwenye fonti kutafuta sura ya namba ile. Hili wengi wenu mnalijua kwa mdomo, lakini mkiona uchafu kwenye kioo mnaruka mnasema faili limekufa. Faili halifi ovyo. Yapo maradhi matatu, nayo hayafanani.

Ukiona visanduku vitupu, namba iko salama, ila mashine haina sura yake, tafuta fonti. Ukiona vikorombwezo, herufi za Kizungu zenye vitone na mikia zimerundikana bila mpango, basi namba iko salama vilevile, ila inasomwa kwa jedwali la namba na herufi la watu wengine, badilisha jedwali. Ukiona alama za kuuliza mfululizo, hapo sema innalillahi, maana mtu ameshalihifadhi faili likiwa bovu na namba zenyewe zimekwenda. Nimewahi kumfanyia hivyo mwalimu mmoja wa Kengeja, kurasa arobaini za kijuzuu cha watoto. Alinisamehe. Mkewe hakunisamehe mpaka leo, na akipita dukani huwasalimu wote akaniruka.

Vijuzuu hivyo ndivyo vilivyonipa jina. Walimu wa vyuo vya Kurani walikuja kwangu kutoka kisiwa kizima kwa sababu nilikuwa siogopi Kiarabu kwenye kompyuta. Herufi ya Kiarabu ina namba moja, lakini sura yake hubadilika ikikaa mwanzo, kati au mwisho wa neno. Irabu nazo zina namba zao, unaziweka juu au chini ya herufi. Mimi niliyekua nikiimba chuoni "ba fataha ba, ba kisra bi, ba dhumma bu", na herufi isiyo na irabu inavishwa sukuni, niliona mashine imesoma chuo kimoja na mimi. Kiburi kikaniingia, sikatai.

Ndipo akaja Bi Han. Alikuwa mama wa Kikorea, mtaalamu wa mwani, mfupi, mwepesi wa kucheka, aliyekuwa akiwafundisha kina mama wa vijiji vya kusini namna ya kukausha mwani usipate mchanga. Alitaka tumchapie vijitabu vyenye Kiswahili ukurasa mmoja na Kikorea ukurasa wa pili, ili wakubwa zake kwao waone anafundisha nini. Faili lake la kwanza lilifunguka visanduku vitupu mwanzo mpaka mwisho. Nikamwambia, "Namba zako nzima, Bi Han. Sura ndiyo hatuna." Alinitazama kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini. Kesho yake akaja na fonti.

Akaanza kunifundisha, kila alipokuja kusubiri kurasa zikauke. Mwandiko wao ukiutazama unadhani ni picha ngumu, lakini kila picha ni silabi moja iliyojengwa kwa vipande: herufi ya mwanzo, kisha irabu, na pengine herufi ya kufungia chini. Vipande ni vichache, mtoto anavimaliza kwa siku chache. Kazi ni jinsi ya kuvitia kwenye mashine. Zamani, alinieleza, jedwali lao lilikuwa na silabi elfu mbili na mia tatu na hamsini tu, zile zinazotumika sana. Shangazi yake alikuwa na silabi ya nadra katika jina lake, basi kila ofisi yenye kompyuta ilimwandika jina la mtu mwingine. "Yuko hai, anakula, anagomba," akasema Bi Han, "lakini kompyuta inasema hayupo."

Baadaye wakaamua kuipa nafasi kila silabi inayoweza kujengwa, hata isiyowahi kutamkwa na mtu. Herufi za mwanzo kumi na tisa, irabu ishirini na moja, na za mwisho ishirini na saba pamoja na nafasi moja tupu kwa silabi isiyofungwa. Zidisheni, mtapata elfu kumi na moja, mia moja na sabini na mbili. Zimepangwa kwa hesabu, si ovyo. Fikirini makabati kumi na tisa yamepangwa ukutani, moja kwa kila herufi ya mwanzo. Kila kabati lina rafu ishirini na moja za irabu, na kila rafu ina nafasi ishirini na nane za herufi ya mwisho. Rafu moja ni nafasi 28, kabati zima ni nafasi 588. Nafasi ya kwanza kabisa ina namba 44032. Ukipewa namba yoyote, toa 44032, kisha gawa kwa 588 upate kabati. Kinachobaki gawa kwa 28 upate rafu. Kinachobaki tena ndiyo herufi ya mwisho. Huhitaji kujua Kikorea. Unahitaji kujua kugawa.

Bi Han aliniandikia jedwali kwa mkono, safu tatu, kila kipande na matamshi yake kwa herufi zetu. Safu ya tatu aliianza na kisanduku kitupu. Nikalibandika ndani ya mlango wa kabati la karatasi. Alipokwisha kuondoka nikaona nilitengeneze, maana sisi tuliosoma hatuachi kitu cha mtu kikapumua: nikachukua kalamu nikatia namba pembeni mwa kila safu, moja, mbili, tatu, mpaka chini. Kisanduku kitupu nikakiruka, kwani kitupu kinahesabiwaje?

Sasa niwaambie siku yenyewe.

Ilikuwa saa nne asubuhi, umeme umekatika tangu alfajiri na mnara wa simu umelala nao. Bwana Jayanti alikuwa ameshahamia kwa binti yake Dar, Bi Han amesharudi kwao, duka niko nalo mimi. Akaingia mama mmoja wa makamo, kanga zimeloa jasho, mkononi ana mfuko wa plastiki.

"Hodi Bi Raya. Mie Mize, wa Chokocho. Kanituma Daktari Sleiman."

Daktari Sleiman alikuwa na zahanati yake njia ya kwendea Gombani. Bi Mize hakukaa. Alieleza amesimama. Mumewe, Hamadi, alijikata panga kwenye kifundo cha mguu akifyeka shamba. Kidonda kimeoza, mguu umevimba mpaka gotini, homa imempanda anaweweseka. Daktari alitaka kumchoma sindano ya kuua vijidudu, na hapo Hamadi akapiga kelele. Miaka ya nyuma alikuwa baharia kwenye meli ya uvuvi ya Kikorea. Aliumia mkono, akatibiwa huko kwao Wakorea, na sindano moja nusura imuue: alivimba koo, akaanguka, akaja kuzindukia siku ya pili. Dawa gani? Hakujua, walisema kwa lugha yao. Ila wakala wa meli alimletea baadaye barua ya daktari wa kule, akaambiwa akiumwa popote aioneshe.

"Daktari anasema dawa anazo mbili," Bi Mize akasema. "Moja ndo itakayomponya, na moja pengine ndo ile ile iliyotaka kumuua, na hajui ipi. Kasema akingoja sana mguu utakwenda na roho. Kanipa mpaka adhuhuri. Karatasi hino."

Akaitoa. Ilikuwa karatasi moja imekunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo. Juu kulikuwa na nembo, chini sahihi, na katikati hapakuwa na neno hata moja. Palikuwa na mistari ya namba: alama ya na (&), alama ya reli (#), tarakimu tano, nukta mkato, alama ya na, alama ya reli, tarakimu tano, nukta mkato. Mistari kama ishirini hivyo.

Nilijua ni nini. Barua ilipita kwenye mashine isiyojua Kikorea, na mashine hiyo, kwa adabu yake, badala ya kutupa silabi ikaandika namba za silabi. Aliyechapa akachapa hivyo hivyo. Lau umeme ungekuwepo ningezipiga namba kwenye kompyuta na Kikorea kingejitokeza chenyewe, ingawa na msomaji wake ningemtafuta wapi? Lakini umeme haukuwepo. Nikafungua mlango wa kabati, nikatoa penseli.

"Kaa Bi Mize. Shika rula hii, weka chini ya mstari ninaousoma, usiisogeze mpaka nikwambie."

Nilianza na mwanzo wa barua, maana barua ya daktari huanza na jina la mgonjwa, na jina nilikuwa nalijua. Namba tatu: 54616, 47560, 46300. Nikatoa, nikagawa. Ya kwanza: kabati la kumi na nane, rafu sifuri. Sifuri! Nikafurahi. Irabu sifuri, yaani herufi haina irabu, yaani sukuni. Mambo ya chuoni haya. Kwenye namba zangu za kalamu kumi na nane ilikuwa P. Ya pili, kabati la sita, sukuni tena: R. Ya tatu, kabati la tatu, rafu ya kumi na nane: nyu.

Nikasoma kwa sauti. "P, R, Nyu."

Bi Mize akanitazama. "Mume wangu haitwi hivyo."

"Najua."

"Hata kafiri haitwi hivyo."

Nikarudia hesabu. Ikatoka ile ile. Nikarudia mara ya tatu, na jasho jembamba likaanza kunitoka, kwa sababu mara ya tatu hurudii kwa kutafuta kosa, unarudia kwa hofu. Saa ya ukutani ya betri ilionyesha saa nne na nusu.  Bi Mize alishika rula kwa mikono miwili.

Nikaacha namba, nikalitazama jedwali lenyewe. Kwa mara ya kwanza nikajiuliza kwa nini Bi Han, mtu asiyepoteza hata tone la wino, alichora kisanduku kitupu juu ya safu ya tatu. Kitupu kile kilikuwa na nafasi yake. Silabi isiyofungwa inabakiza sifuri, na sifuri ndiyo kisanduku kile. Basi kama safu ya tatu inaanza na sifuri, na mbili za mwanzo zinaanza na sifuri. Ila hizo hazina kitupu, kwa hiyo sifuri yao ni herufi kamili. Hakuna sukuni pale. Jedwali la Bi Han lilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza. Mharibifu alikuwa mimi na kalamu yangu.

Marehemu baba alipopima karafuu, pishi ya kwanza aliihesabu bismillahi, ya pili ndiyo aliyoiita moja. Mashine nayo ina jambo lake kabla ya moja, ndiyo sifuri, na jambo hilo nalo ni pishi kamili. Mkisahau mengine yote, hili mlishike.

Nikazikata namba zangu zote za safu mbili za mwanzo, nikaanza upya na sifuri. Kabati la kumi na nane sasa likawa H, rafu sifuri ikawa a. La sita likawa M, na a. La tatu D, na rafu ya kumi na nane u.

"Ha. Ma. Du."

Bi Mize akafumba macho. "Ndo yeye," akasema. "Endelea Bi Raya, endelea."

Barua nzima nisingeimaliza kabla ya adhuhuri, na hata ningeimaliza, ningepata sauti za Kikorea tu nisizozielewa. Kwa hiyo nikatafuta kinachojirudia. Anayeonya hurudia. Kulikuwa na kundi la namba nne lililotokea mara tatu, na mara mbili kati ya hizo limefuatwa na kundi moja la namba mbili. Nikaanza na lile la nne. Nawaandikia namba ya kwanza mwione: 54168, toa 44032, inabaki 10136. Gawa kwa 588: inaingia mara kumi na saba, inabaki 140. Gawa kwa 28: mara tano, haibaki kitu. Kabati la kumi na saba P, rafu ya tano e, mwisho kitupu. Pe.

Ya pili, 45768: ni. Ya tatu, 49892, hii ilibakiza nane, na nane katika safu ya mwisho ni l: sil. Ya nne, 47536: rin.

Nilisoma kimyakimya kwanza. Kisha nikahisi nywele zinanisimama ndani ya mtandio. Nani kisiwani hapa asiyejua penisilini?

Bi Mize aliuona uso wangu. "Ndiyo hiyo?"

Na hapa, wanangu, ndipo mtu wa kazi hii anapotaka kuharibu. Ulimi ulikuwa tayari kusema ndiyo. Lakini karatasi ilikuwa imelitaja jina la dawa tu. Je, ndiyo iliyomwangusha, au ndiyo iliyomponya baada ya kuanguka? Mara tatu daktari anaweza kuitaja kwa sifa vilevile. Nikamwambia, "Bado. Shika rula."

Lile kundi la namba mbili: 49660, 53356. La kwanza, kabati la tisa, rafu ya kumi na mbili: syo, au sho ukilitamka kwa haraka. La pili, kabati la kumi na tano, rafu ya kumi na nane: ku. Shoku. Kwangu mimi halikuwa neno. Nililiandika hivyo hivyo chini ya lile la kwanza kwa herufi kubwa, nikafunga duka, tukaenda.

Sikumbuki kama tulitembea au tulikimbia. Zahanati ilikuwa na benchi moja na pazia. Nyuma ya pazia Hamadi amelala, mguu umekuwa mweusi na unang'aa, midomo imekauka. Kwenye sinia ya chuma palikuwa na sindano mbili zimefunikwa kitambaa. Daktari Sleiman, kijana mwenye ndevu fupi na macho ya mtu asiyelala, hakunisalimu hata kidogo, na mimi sikumlaumu.

"Mie sijui Kikorea, Daktari," nikamwambia. "Nasoma sauti tu. Imeandikwa penisilrin, mara tatu. Na mara mbili inafuatwa na shoku. Mwenyewe utajua."

"Rudia la pili."

"Sho-ku."

Akashusha pumzi. "Hilo ni shock ya Kizungu, twalitumia na sisi, karibu hivyo hivyo. Mwili ukipigwa na dawa, presha inaanguka, pumzi inafunga. Penisilini ikifuatwa na hilo haina maana ya pili." Akainua kitambaa, akaiondoa sindano ya kulia, akaiweka mbali kabisa, juu ya dirisha. Ya kushoto akamchoma.

Tulikaa benchini, mimi na Bi Mize, tukimsikiliza Hamadi anavyopumua nyuma ya pazia. Ulipita muda mrefu. Pumzi haikubadilika. Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa, na baada yake Daktari akatoka akasema mguu atapambana nao, roho haina neno. Bi Mize akalia kwa sauti, na mimi nikalia naye, watu wazima wawili, bila haya.

Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata kazini, na nisiwafiche, nilikuwa najiona. Nikampapasa mgongo, nikamwambia ashukuru Mungu kwamba karatasi ile aliihifadhi miaka yote, na kwamba siku hiyo iliangukia kwa mtu anayeijua.

Akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Si mara ya mwanzo kukuletea, Bi Raya."

"Karatasi hii?"

"Hino hino. Mwaka ule alorudi. Nilisimama pale pale mezani kwako. Ulikuwa na kazi nyingi, walimu wamekuzunguka. Ukaitupia jicho, ukasema ni uchafu wa mashine, haina kitu, nkaitupe."

Nilimtazama usoni nikitafuta siku hiyo. Sikuipata. Mpaka leo sijaipata. Watu wangapi walisimama mbele ya meza ile na karatasi zao, nami nikawajibu huku nikitazama kazi ya mtu mwingine? Furaha yote iliniishia miguuni.

"Basi mbona hukuitupa?" nikamwuliza.

Bi Mize aliikunja karatasi mara nne, kwa mikunjo yake ya zamani, akairudisha kwenye mfuko.

"Nlikuona hukuisoma," akasema.